Kwa Bakari, kuhusu mtihani wako wa leseni

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu Bakari,

Asalaam aleikum. Barua yako, ya kwamba unauhofia mtihani wa leseni ya ukandarasi wa kazi za baharini huko Florida, nimeipata, na nilicheka peke yangu. Wewe mtoto wa Deep Sea, pwani yetu hapa Tanga, uliyejua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) kabla hujajua kusoma, leo unaogopa kuulizwa nguzo ya gati inaharibika wapi? Si kule chini inakozama moja kwa moja. Ni pale maji yanapopanda na kushuka, na juu yake kidogo mawimbi yanaporukia. Chumvi na hewa vikikutana hapo, nondo inakula kutu, kutu inavimba, zege linapasuka. Ndiyo maana unene wa zege linalofunika nondo hauchezewi. Ila usijibu kwa macho ya Tanga. Hapa maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3. Huko Florida, hasa upande wa Ghuba, siku za kawaida hata mita moja ni shida kufika.

Mimi wasiwasi wangu ni ile karatasi ya biashara na fedha. Mikataba, kodi, bima ya wafanyakazi, mahesabu. Mafundi wazuri huanguka hapo kwa kuidharau. Na hiyo ruhusa ya kuingia na vitabu isikulaze, maana anayeanza kusaka ukurasa mle ndani keshachelewa. Pigia mistari, weka vibandiko wanavyoruhusu, kisha shemeji akusomee swali nawe umwonyeshe ukurasa. Usilijibu, onyesha ukurasa tu, mpaka mkono uzoee njia.

Bandari yetu ukiiona hutaijua. Zile meli zilizokuwa zikitia nanga mbali, mizigo ikiletwa kwa matishari, sasa zinafunga gatini. Kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, na gati lina urefu wa mita 450. Leseni ya huko haitakufaa hapa, Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina utaratibu wake, lakini kazi za baharini zipo.

Halafu nisaidie jambo. Nimemwambia mzee mmoja fundi madau kwamba huko nguzo za mbao hushindiliwa dawa yenye shaba ili wadudu wa baharini wasizitoboe. Hataki kusikia, yeye ni deheni tu, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kupaka vyombo. Nipigie picha ya nguzo iliyokaa majini miaka mingi, unitumie kabla ya Ijumaa, maana tumewekeana kahawa.

Wako,
Mhando