Barua kwa Barasa: usiuze shamba kwanza

Kondele, Kisumu

Ndugu yangu Barasa,

Mama Nekesa amenitumia picha ya ripoti yako ya baiopsi, kile kipimo cha kutoa vipande vya nyama kwa sindano. Nimeisoma mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nikifanya enzi zangu za maabara. Vipande 12 vilitolewa kwenye tezi dume, na kimoja tu ndicho kilichokutwa na kitu: Gleason 3+3=6, yaani alama ya ukali wa kansa ya tezi dume. Siku hizi hakuna alama ya chini kuliko hiyo sita. Lakini pale juu pameandikwa kansa, na nasikia tayari mmeita dalali aje aone shamba la Njoro, mlipie upasuaji. Nakusihi, simamisheni hilo.

Wapo madaktari wanaotaka jina hilo liondolewe kabisa kwenye uvimbe kama wako. Mwaka 2022 Scott Eggener wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake waliliandika waziwazi: Gleason 6 isiyochanganyika na alama za juu zaidi karibu haisambai kamwe, na wanaume wengi huzeeka nayo bila kujua. Kwenye tezi ya shingo jambo hilo lilishafanyika mwaka 2016. Aina moja ya uvimbe ikavuliwa jina la kansa.

Wanaopinga wana hoja nzito. Sindano huweza kupita kando ya sehemu mbaya zaidi. Tena mtu akiambiwa hana kansa, huenda asionekane kliniki tena. Sisi watu weusi hatari yetu ni kubwa zaidi, na hapa kwetu wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshaingia mifupani. Tumewazika, unawajua.

Hata hivyo niko upande wa Eggener. Ni wazee wangapi hapa mtaani wana presha, na kila mwezi wanafuata dawa bila yeyote kuwatishia kansa? Mtu hurudi kliniki akielezwa vizuri na gharama ikiwa ndani ya uwezo wake. Hofu humkimbiza kwenye kisu, au kwa mganga.

Na kisu hicho kina madhara yake: wengine hubaki wakivuja mkojo, na mambo ya chumbani yakaisha. Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643, wengi wao wakiwa na Gleason 6. Baada ya miaka 15, takribani 97 kati ya kila 100 hawakuwa wamekufa kwa ugonjwa huo, wawe walipasuliwa, walichomwa kwa mionzi au walifuatiliwa kwa vipimo tu. Sikufichi: kwa waliofuatiliwa tu, ugonjwa ulisambaa kwa takribani 9 kati ya 100, wengine ni 5 hivi. Tena karibu wote walikuwa wazungu. Ndiyo maana sikwambii ukae tu nyumbani.

Mwombe daktari MRI, ile picha ya ndani ya mwili, kabla ya uamuzi wowote, na akupangie tarehe za kupima PSA, kipimo cha damu cha tezi dume. Aking'ang'ania upasuaji, omba slaidi zako, vile vioo vya maabara vyenye vipande vyako, zisomwe na mtaalamu mwingine. Nauli ya kuja Kisumu niachie mimi, na kitanda kipo.

Wako,
Odhiambo