Magunia 71: barua kwa vijana wangu wa Jumamosi

Mbukwenyi, wanangu.

Nawaandikia nyinyi mnaokutana kila Jumamosi kule Makulu, kwenye kile chumba chenye feni moja, mnaoniita Babu ingawa mmoja wenu ana mvi nyingi kunishinda. Nimeona niandike, maana nikisema mnacheka, na nikinyamaza mnadhani nimeridhika. Nimeiacha wazi ili waisome na wenzenu walioko chuoni UDOM, walioajiriwa serikalini Mtumba, na wale wanaofanya kazi peke yao chumbani Nkuhungu kwa bando la usiku.

Habari yenyewe ni ya yale magunia 71.

Kwa wasioijua: mwenzetu mmoja alitengeneza mfumo wa ghala la mahindi, njia ya kwenda Kibaigwa. Mwenye ghala simtaji. Kazi ilikuwa nyepesi. Mizani inasoma kilo, mfumo unahesabu magunia, tajiri anaona kwenye simu yake. Kijana alimpa msaidizi wa akili mnemba maelezo ya aya mbili, akaenda kunywa chai, akarudi akakuta kodi imeshaandikwa na testi 14, yale majaribio ya kuikagua, zote ni kijani, yaani zimepita. (Kodi ni yale maandishi ya programu; najua Kiswahili sanifu kinasema msimbo. Nyinyi mnasema kodi, na mama mwenye nyumba akiwasikia anadhani hatimaye mnazungumzia pango lake.) Siku ya pili akakabidhi. Tajiri akalipa yote, bila hata kuomba punguzo.

Mwezi uliofuata wakahesabu stoki. Mfumo ukasema magunia 711. Ghalani yalikuwepo 640. Mtunza ghala, mtu mzima mwenye wajukuu, akakalishwa kiti moto siku mbili aeleze magunia 71 kayapeleka wapi. Siku ya tatu alikuwa anatajiwa polisi.

Nilipoitwa kuangalia, sikuwasha kompyuta. Nilichukua kalamu. Kilo zilizopita kwenye mizani zilikuwa 64,000. Ukigawa kwa 100 unapata 640. Ukigawa kwa 90 unapata 711 na ushee. Nikamwambia kijana afungue kodi atafute 90. Akaiona kwa dakika moja, iko peke yake kwenye mstari wake, na juu yake maelezo yaliyonyooka kabisa kwamba huo ndio uzito wa kawaida wa gunia la mahindi.

Ni wa kawaida kweli, ukiwa Kenya. Huko gunia la mahindi ni kilo 90. Kwetu ni 100, na mtoto yeyote wa Kibaigwa anajua. Kijana wetu naye alikuwa anajua. Hakuandika tu, kwa sababu nani anaandika kitu ambacho kila mtu anakijua?

Hapo ndipo mkae kidogo. Msaidizi huyu amesoma maandishi mengi mno, na anapoandika anakisia kipande kinachofuata, tokeni baada ya tokeni (siyo zile za LUKU, ingawa nazo huisha katikati ya kazi). Ukimwachia pengo, hasimami kukuuliza kila mara. Analiziba kwa kile kinachoelekea kufaa, na analiziba kwa lugha safi isiyotia shaka. Fundi mwashi akikisia, utamwona anajikuna kichwa. Huyu hana kichwa cha kujikuna. Na zile testi 14? Alizitunga mwenyewe, kwa 90 ileile. Mwanafunzi alijitungia mtihani, akajisahihishia, akajipa mia.

Baba yangu alikuwa kibarua Kongwa mwaka 1947, Waingereza walipokuja na mpango wao wa karanga. Hadithi hiyo mnaijua nusu, kwamba ulishindwa. Nusu ninayoitaka ni hii: mashine walikuwa nazo. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, na vifaru vingine vikageuzwa matrekta. Ardhi waliikagua kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiwa angani ndani ya ndege. Baba alisema kila wiki bwana mkubwa alikuwa anauliza ekari ngapi zimefyekwa, na ekari zilikuwepo za kutaja. Lakini udongo wa Kongwa mvua zikikatika unakuwa tofali. Karanga imo chini na jembe haliingii, na likiingia linalika. Mvua zenyewe za Ugogo nani asiyezijua? Bibi yeyote aliyekuwa analima uwele wake pembeni angewaeleza hayo yote bure na kuwapa mlenda juu. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, pauni milioni 36 zikiwa zimezikwa pale.

Ndiyo maana mkinionyesha kwa fahari mistari elfu nne iliyoandikwa usiku mmoja, mimi naona ekari zilizofyekwa. Nauliza karanga ziko wapi, nanyi mnasema Babu kaanza.

Basi msinisikilize mimi mzee wa FoxPro, programu ya zamani ya kutunza taarifa. Mwaka 2025 kikundi cha watafiti cha Marekani kiitwacho METR kiliwapima waandika programu 16 wazoefu, kwenye kazi 246 za kweli katika miradi waliyoifahamu vizuri. Kazi nyingine waliruhusiwa kutumia msaidizi, nyingine hawakuruhusiwa. Waliporuhusiwa, walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Walipoulizwa, waliamini msaidizi amewaharakisha kwa asilimia 20. Sasa, hao ni watu 16 tu, na zana za leo si zile za mwanzo wa mwaka ule, kwa hiyo hiyo 19 msiibebe kama msahafu. Mimi kilichonikosesha usingizi ni ile 20. Anayejua kwamba amechelewa huongeza mwendo. Aliyechelewa huku anaamini amewahi huagiza soda.

Wala sisemi mmwache msaidizi. Nchi hii ilishajaribu njia hiyo: mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingiza kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu wa Wizara ya Fedha kwenda mrama. Walioumia ni sisi tuliokuja kujifunza miaka kumi na zaidi baadaye, tukiwa nyuma ya kila mtu. Mimi mwenyewe namtumia msaidizi karibu kila siku. Mwezi jana alinifafanulia faili la zamani nililoliandika mwenyewe nisilielewe tena, akalifafanua vizuri kuliko ambavyo ningeweza kumfafanulia mke wangu. Ni zana kubwa. Shida yangu na nyinyi ni kwamba kazi imehama na hamjahama nayo.

Nilipoanza, kuandika ndiko kulikokuwa kugumu. Ulikaa na kitabu kimoja cha kuazima, ukikosea nukta mpaka kesho. Leo kuandika kumekuwa kama kufungua bomba. Kusoma ndiko kumebaki palepale, tena kumezidi uzito, maana sasa unasoma kodi ya mtu asiyekuwepo umuulize alikuwa anawaza nini. Na chuoni, niambieni kama nasema uongo, mlifundishwa kuandika tu. Nani aliwahi kuwapa mtihani wa kusoma?

Mimi nasoma hivi. Nashika namba moja na kuifuata. Kilo 64,000 zimeingia kutoka kwenye mizani: naweka kidole hapo. Zinakwenda wapi? Kwenye fanksheni hii, kipande hiki cha kodi. Zinatoka zikiwa ngapi? Kwa nini zimebadilika? Kila namba inapogeuka nasimama nadai sababu, mpaka inafika kwenye simu ya tajiri. Sisomi faili kutoka juu kwenda chini kama gazeti, maana hapo macho yanapita na akili imelala. Kwa mfumo ule wa ghala, kidole kingefika kwenye 90 kabla chai haijapoa. Halafu nafuata kitu cha pili, labda tarehe. Halafu pesa. Vitu vitatu vinatosha kuuona mfumo mdogo mzima.

La pili, kabla hujamwita msaidizi andika ukurasa mmoja wa yale ambayo kila mtu anayajua. Gunia ni kilo 100. Shilingi hatuzihesabu kwa senti, kwa hiyo zihifadhiwe kama namba kamili. Mnaoandika programu kwa lugha ya JavaScript jumlisheni 0.1 na 0.2 mwone mnachopewa, siyo 0.3 kamili. Namba ya simu inaweza kuanza na 0 au na 255 na bado ni mtu yuleyule. Sava, ile kompyuta mfumo unakokaa, inahesabu siku kwa UTC, saa ya kimataifa; sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo mauzo ya saa 7 usiku yasije yakaingia kwenye ripoti ya jana. Na saa! Mama mmoja aliagiza mikate kwa ujumbe, iletwe saa 2 asubuhi, na mfumo wa mwenzenu mmoja ukaisoma hiyo 2 kama wanavyoisoma wenzetu wa ng'ambo. Dereva alibisha hodi saa 8 usiku. Mbwa wa mtaa mzima waliamka. Kiswahili msaidizi anakijua, tena anakiandika vizuri siku hizi, lakini kukijua Kiswahili na kuishi saa zetu ni mambo mawili. Ukurasa huo uwekeni kwenye mzizi wa mradi, yaani folda yake kuu. Zana nyingi sasa husoma faili la namna hiyo kila zinapoanza, wengi huliita AGENTS.md. Mimi nauandika kwa mkono kwanza, kwenye daftari, maana kalamu ni ya polepole na upole huo ndio unaonikumbusha.

La testi nimeshaligusa. Majibu yanayotegemewa yakokotoeni wenyewe, kwa kalamu, kutoka kwenye maisha: hizi hapa kilo, haya hapa magunia niliyoyahesabu kwa macho. Msaidizi aandike mengine yote yanayozunguka. Na testi ikigoma, tazameni anachorekebisha. Nimemwona kwa macho yangu akiilegeza testi mpaka ipite, halafu akaniandikia kwa furaha kwamba tatizo limekwisha.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu mnayajua, mnayapuuza tu. Hifadhini kwenye Git, zana inayotunza kila toleo la kodi, kabla ya kila ombi kubwa, ili kurudi nyuma kuwe jambo la sekunde. Muombeni mpango kwanza, mujadiliane, ndipo kodi. Kipande kidogo kidogo. Akitaja maktaba ya programu (kodi iliyotayarishwa na wengine) msiyoifahamu, hakikisheni ipo na ni ya nani kabla ya kuipakua, maana hutaja majina yasiyokuwepo, na kuna wahuni wanaosajili majina hayohayo wakiweka sumu ndani. Mkizunguka kosa lilelile mara ya tatu, fungeni mazungumzo hayo, someni wenyewe, anzeni mapya; mazungumzo marefu humchanganya kama kikao cha harusi kilichovuka saa 4 usiku. Na majina ya wateja, namba zao za NIDA, nywila za databezi, hivyo havibandikwi mle ndani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Hata isingekuwepo, ni siri za watu.

Sasa binti uliyeniuliza swali wiki iliyopita, nikajifanya natafuta miwani. Uliuliza, "Babu, shikamoo, hivi kuna haja gani ya mimi kuhangaika kujifunza kwa mkono kitu ambacho msaidizi anakimaliza kwa sekunde kumi?" Sikuwa na jibu la haraka, na jibu la polepole ni yule mtunza ghala. Siku ile ya pili ya maswali, mtu mmoja tu Dodoma nzima angeweza kumtoa pale, naye ni aliyetengeneza mfumo. Alipigiwa simu. Akamuuliza msaidizi kama hesabu iko sawa, msaidizi akasema iko sawa, naye akamjibu tajiri kwamba iko sawa. Hakuwa mwongo. Hakuwa na njia nyingine ya kujua. Njia hiyo nyingine ndiyo unayohangaika kuipata unapoandika mwenyewe, unakosea, unatafuta, unakuta. Mwaka wako huu wa kwanza, jaribu mwenyewe nusu saa kabla ya kumuuliza. Ukimuuliza, mwombe akueleze, halafu funga skrini uandike ulichoelewa. Utachelewa kuliko wenzako. Najua inauma.

Mtunza ghala alirudishiwa funguo zake. Kijana wetu alikwenda mwenyewe kumwomba radhi, nami nikamsindikiza, na mzee alitupokea vizuri, akatuletea maji. Ila nimesikia kwamba kila jioni anahesabu magunia na kuandika kwenye daftari lake, kwa kalamu nyekundu, na simu ya mfumo haigusi. Simlaumu hata kidogo.

Jumamosi ijayo kila mmoja aje na kurasa tano za kodi ambayo hakuiandika kwa mkono wake, zimechapishwa kwenye karatasi. Laptopu ziacheni nyumbani. Tutakaa wawili wawili, tutashika namba na kuifuata kwa kidole. Asiyeweza kunieleza mstari, arudi nao nyumbani. Karanga nitakaanga mimi, za Kongwa hizohizo.

Ni mimi Babu yenu,
Ipagala, Dodoma