YAH: Malalamiko kuhusu bastola ya Luger P.08 ya mwaka 1941 mliyotuuzia

Mkurugenzi,
Idara ya Silaha za Kihistoria,
Kampuni ya Mnada,
Ujerumani.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katalogi yenu ilisema bastola hii ina rangi ya kiwandani, namba zote zinalingana, na magazini (kisanduku cha risasi) ni yake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli, na ushahidi uko kwenye chuma chenyewe.

Tuanze na rangi, maana ndiyo iliyopandisha bei. Kifyatulio, wenzo wa usalama na kitufe cha magazini ni vya manjano, kama majani makavu. Chuma kilichosuguliwa hupata rangi hiyo kikipashwa moto wa nyuzi 230 hivi za Selsiasi. Kiwanda cha Mauser kule Oberndorf kiliacha utaratibu huo mwaka 1937, kilipoanza kuchovya vipande katika chumvi za moto, na tangu hapo vipande vidogo vilitoka na weusi uleule wa mwili. Bastola yenye "byf" (alama ya siri ya kiwanda cha Mauser) kwenye kiungo kinachokunjika na "41" (yaani mwaka 1941) juu ya chemba haikutoka kiwandani na kifyatulio cha manjano. Aliyeitia rangi upya aliiga Luger za zamani zaidi, na mtathmini wenu akaliita kosa hilo uhalisi.

Kabla ya kutia rangi aliisugua kwa mashine. Ielekezeni dirishani, mwanga uipige kwa ubavu: kingo za fremu zimekuwa butu, midomo ya matundu ya pini imebonyea, na mhuri wa tai wa mkaguzi wa silaha upande wa kulia umefifia kiasi kwamba namba yake, 655, inasomeka kwa shida. Mhuri wenyewe ni sahihi kwa bastola ya 1941, kwa hiyo hatusemi ni bandia. Tunasema imerekebishwa, na wakusanyaji wengi huhesabu rangi ya upya kuwa hasara ya karibu nusu ya thamani.

Kuhusu namba: namba kamili iko mbele ya fremu, chini ya mtutu na ubavuni mwa mwili wa juu, na zote tatu zinakubaliana. Lakini kwenye P.08 vipande vidogo hupigwa tarakimu mbili za mwisho, ambazo hapa ni 37. Bamba la pembeni lina 82. Kwenye pini ya kufyatulia kuna 37, ila imepigwa ndani ya kibonyeo kilichosagwa na tupa, kwa herufi nyembamba kuliko nyingine zote. Hapo namba ya zamani ilifutwa.

Magazini ni ya bati lililokunjwa, yenye nikeli na kitako cha mbao. Hiyo ni ya enzi ya Vita Kuu ya Kwanza.

Tunadai mambo mawili: mturudishie fedha zote pamoja na ada ya mnunuzi na usafirishaji, na mrekebishe maelezo ya bastola hii kwenye kumbukumbu za mauzo, kwa sababu wengine hupanga bei kwa kuzitazama. Kwa P.08 zijazo, wekeni picha za bamba la pembeni, pini ya kufyatulia, chini ya mtutu na kitako cha magazini. Picha nne hizo zingetosha kuzuia mauzo haya.

Picha zetu tumeziambatanisha. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Kwa niaba ya kikundi cha wakusanyaji