Nani alipie zimamoto, wa mjini au wa kijijini?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu hili la gharama za zimamoto maana kila kukitokea moto mkubwa huku mkoani Tabora maneno yanakuwa yaleyale, wenye biashara mjini wanasema sisi ndo tunalipa tozo ya ukaguzi, sisi ndo tunalazimishwa kununua mitungi ya kuzimia moto, kwa hiyo gari likae mjini na wa vijijini wakitaka huduma wachange kila kaya. Nawaelewa, mtu mwenye fremu moja pale sokoni analipa kodi, leseni, hela ya taka halafu na zimamoto juu, lazima aulize hela yake inaenda wapi. Ila hiyo ya kuchanga kila kaya naipinga kabisa.

Kwanza hilo gari sio la mjini. Zamani kweli zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri, mji wenye hela unakuwa na gari na usio na hela unabaki na ndoo za mchanga, lakini sheria ya mwaka 2007 ikaleta Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la nchi nzima na sa hivi liko Wizara ya Mambo ya Ndani. Mshahara wa askari na bei ya gari vinatoka serikali kuu, na serikali kuu inakusanya kwa wote. Mama wa Ussoke akinunua sabuni ya dukani na yeye VAT ya asilimia 18 imo humo kwenye bei, hakuna bei ya kijijini isiyo na kodi.

Halafu kuna tumbaku. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 na unaingia halmashauri, kwenye makaratasi anayelipa ni mnunuzi lakini mkulima yeyote atakwambia unarudi kwenye bei anayopewa yeye. Sasa angalia hiyo tumbaku ya mvuke inakaushwaje: bani, yaani kibanda cha kukaushia, limejaa majani kwenye vijiti mpaka juu, tanuru linakokwa kuni usiku na mchana, mabomba ya moto yanapita chini ndani, na siku za mwisho za kukausha kikonyo joto linapandishwa mpaka kama nyuzi 70. Jani moja kavu likidondoka juu ya bomba basi bani zima linaondoka, na mara nyingi nyumba ya nyasi iko jirani. Nimeona bani la jirani yangu likiungua, watu tumekuja na ndoo na matawi, tulichookoa ni nyumba tu. Yule bwana alikuwa na mkopo wa pembejeo kupitia chama cha msingi cha ushirika, tumbaku imeisha na deni limebaki palepale. Sasa mtu huyo leo umwambie achangie gari ambalo liko Tabora mjini, kutoka huko mpaka Urambo tu ni kama kilomita 90, bado hujaanza barabara ya vumbi. Namba 114 ya zimamoto ni bure kupiga lakini bani halikusubiri. Na wale wa Kitunda kule Sikonge ndo usiseme.

Kwa hiyo mimi nasema wa kijijini tusidaiwe gari la mjini, tupewe vifaa vinavyofika, na hela tunayo tayari. Mbona asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ilitengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile 4-4-2, na inaeleweka? Zitengwe hata shilingi mbili katika kila mia ya ushuru wa tumbaku zikae kwenye kata zinakotoka, zinunue tanki la kuvutwa na trekta na pampu ya petroli kama hizi tunazomwagilia vitalu, mipira mirefu, na askari wa zimamoto waje wafundishe vijana wa kijiji kabla ya msimu wa kukausha. Yowe likipigwa watu wanatoka wote, huku ndo kwenye sungusungu bwana, nguvu kazi sio shida, shida tunatoka mikono mitupu.

Na sisi tuwe na sehemu yetu, sikatai. Kusafisha njia za moto kabla nyasi hazijakauka, hiyo ni kazi yetu na sio ya halmashauri, kila kiangazi moto unaingia miomboni unachoma mizinga ya nyuki ya watu, na mara nyingi umewashwa na mtu anayeandaa shamba akaondoka. Huyo apigwe faini kwa sheria ndogo za kijiji na hela iingie kwenye mfuko huohuo wa moto.

Wa mjini nao tozo yao ifuate ukubwa wa hatari, sheli na ghala la tumbaku visilipe sawa na fundi cherehani, na wasomewe hadharani makusanyo yalikuwa kiasi gani na yamefanya nini. Madiwani wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui nawaomba mlipeleke hili kwenye kikao cha bajeti kinachokuja.

Mkulima wa tumbaku,
Urambo, Tabora