Hizi programu za bure zipeni majina ya kazi zake

Mhariri, salaam nyingi kwako na kwa wasomaji wote. Mimi nina steshenari hapa Kihonda, Morogoro, nachapa, natoa kopi, naskani, nawajazia vijana fomu za ajira na za mikopo ya chuo, na pembeni nawawekea watu programu kwenye laptopu zao. Naomba nafasi niseme kuhusu LibreOffice, ile programu huria ya ofisi, maana naitumia kila siku na naipenda sana, ila majina yaliyobandikwa kwenye kifurushi chake yanawakimbiza watu wale wale wanaoihitaji.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja, katibu wa vikoba mtaani kwetu, ana laptopu ya mtumba nzuri tu, nikamwekea LibreOffice nikamwonyesha kidogo akaondoka. Kesho yake asubuhi hata baraza sijafagia kashafika, laptopu kwapani, ananiambia "mwanangu, hii mashine mbona haina Word?" Nikamkaribisha kiti tukaiwasha. Aikoni zote zipo pale, Writer, Calc, Impress, Draw, Base, Math, mzee anazipitia moja moja kwa kidole, akafika kwenye Calc akauliza "hiki si kikokotoo?" Na hana kosa, mtu ukisoma hilo jina bila kuambiwa ndicho utakachodhani. Nikaifungua, jedwali likatokea, tukaingiza hisa za wanachama watano, chini nikaweka fomula ya kujumlisha, jibu likaja. Mzee akasema "kumbe daftari langu lote linaingia humu." Basi nikaklik kulia kwenye aikoni, nikabadili jina nikaandika Hesabu za Vikoba, na Writer nikaiita Barua na Mihtasari. Hajarudi tena kulalamika, alirudi juzi kuprinti taarifa ya kikundi na ameitengeneza mwenyewe.

Mnaona kilichobadilika ni nini? Programu ni ile ile, jina la aikoni tu.

Draw ndo inaniuma kuliko zote. Kila wiki napata watu wana barua kwenye PDF, tarehe imekosewa au jina limeruka herufi, wanaulizia programu ya kurekebisha PDF na wako tayari kutoa hela, na wakati huo huo LibreOffice iko kwenye mashine zao na Draw inafungua PDF na unarekebisha maneno humo humo (fonti wakati mwingine inahama kidogo, inabidi uwe makini). Sasa nani atajua, jina linasema kuchora! Na Math hivyo hivyo, walimu wanaandika milinganyo ya mtihani kwa kalamu halafu wanaskani, hawajui kwamba ukiwa ndani ya Writer unaingiza fomula bila kutoka kwenye karatasi yako. Hivi vyombo vimeunganishwa, chini yake injini ni moja, lakini mteja anaona vitu sita vya kigeni havihusiani.

Tatizo la jina ni la siku nyingi, halikuanza kwetu. Hii programu ilianzia Ujerumani ikiitwa StarOffice, na kuna matoleo yake kila kitu kilikuwa ndani ya dirisha moja, mpaka barua pepe na kivinjari cha intaneti. Kampuni ya Sun ikainunua 1999, mwaka uliofuata msimbo (maandishi ya ndani yanayoiunda programu) ukawekwa wazi ikawa OpenOffice.org, na hiyo .org ilikuwa sehemu ya jina kwa sababu jina OpenOffice lilikuwa na mwenyewe. 2010 kampuni nyingine, Oracle, ikaichukua Sun, na Septemba mwaka huo watengenezaji wengi wakajitenga wakaunda taasisi yao, The Document Foundation. Waliomba Oracle iwaachie jina la zamani, hawakupewa, wakaendelea na LibreOffice ambalo mwanzoni walisema ni la muda tu. Jina la zamani likaenda kwa taasisi ya programu huria ya Apache mwaka 2011. Matokeo yake hadi leo mtu aliyelisikia OpenOffice chuoni anatafuta hilo hilo, anapakua Apache OpenOffice, inamfungulia faili la docx (lile la Word) vizuri tu, ila akitaka kuhifadhi kwa docx hakuna, wakati LibreOffice inafanya hiyo kazi. Kazi ikahamia nyumba nyingine, kibao kikabaki mlango wa zamani.

Halafu 2020 wenyewe LibreOffice wakataka kubandika maneno Personal Edition kwenye toleo la bure, watu wakapiga kelele wakaacha, Februari 2021 toleo la 7.1 likaja na neno Community. Nia yao naielewa, walitaka makampuni makubwa yalipie huduma kwa wale wanaoajiri watengenezaji, na hilo ni haki kabisa, watu lazima wale. Ila mimi nikiwa kaunta mteja akiona neno la ziada ananiuliza hii ni ya majaribio, itaisha lini. Wanaofungasha wangefikiria na huyu mtu aliyesimama mbele yangu.

Sisi Waswahili tulishawahi kufanya vizuri, ndo maana naandika. 2004 mradi wa Kilinux, wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu kwa Kiswahili, na jina lenyewe linakusalimia! Tatizo la tafsiri ni kwamba haiishi, kila toleo jipya lina maneno mapya, wakikosekana watu wa kuendelea inaachwa nyuma. Lakini ninachoomba mimi ni kidogo kuliko kutafsiri programu nzima. Kwenye Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, badala ya Windows) kila programu ina kifaili kidogo kinachoiambia menyu jina la chapa, jina la kazi na maelezo mafupi, na kila mstari unaweza kuuandika kwa lugha yako. Writer ibaki Writer, nembo yao tusiiguse, ila chini yake isomeke kuandika barua na ripoti, Calc isomeke majedwali na hesabu, Draw isomeke kuchora na kurekebisha PDF. Programu sita, mistari sita, ni kazi ya jioni moja, na ukiipeleka kwa wenye mradi ikapokelewa, kila atakayeweka kwa Kiswahili anaikuta, iwe Tanga, Mombasa au Goma. Nyie mafundi wenzangu wa Windows badilisheni majina ya aikoni kabla mteja hajaondoka, ni dakika mbili.

Kinachonikwamisha ni maneno yenyewe. Jedwali au lahajedwali? Wateja wangu wanasema jedwali, vitabuni nakuta lahajedwali, na sitaki kupeleka neno ambalo mtu wa Mombasa atalishangaa. Waliofanya Kilinux mkisoma barua hii, ile orodha ya maneno mliyotumia bado ipo? Naomba muitoe hapa gazetini, mimi nitaichapa na kuibandika mlangoni dukani kwangu, na hiyo mistari sita nitaiandika kwa kuifuata.

Fundi wa steshenari, Kihonda, Morogoro