Mbege si dawa: utafiti wa Moshi usomwe wote

Mhariri,

Tangu jarida la Nature Medicine lichapishe, Aprili 2025, matokeo ya utafiti kuhusu vyakula vya asili vya Kilimanjaro, nimewasikia watu wazima na akili zao, baadhi yao wakiwa wagonjwa wa kisukari, wakijitetea vilabuni hapa Moshi kwamba wataalamu wa hospitali ya KCMC wamethibitisha kuwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ni dawa. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwamba utafiti huo haukusema hivyo, na kwamba kile ulichosema kina uzito kuliko hicho tunachosimuliana.

Kazi hiyo ya Dk. Godfrey Temba na wenzake, akiwamo Dk. Quirijn de Mast wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi, ilihusisha wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea mlo wa kijijini walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa kizungu wenye vyakula vya kusindikwa na nishati nyingi, huku wa mjini wakipewa mlo wa asili wenye mboga za majani, jamii ya kunde, ndizi na vyakula vya mizizi. Kundi la tatu lilikunywa mbege kila siku kwa wiki moja, na watu 10 waliendelea na chakula chao cha kawaida ili wengine walinganishwe nao.

Waliohama kutoka mlo wa asili, damu yao ilionyesha ongezeko la protini zinazoashiria kwamba kinga ya mwili imeamshwa pasipo adui, hali ambayo ikidumu huhusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo. Tena, chembe zao za kinga zilipokutanishwa na vijidudu, ziliitikia kwa unyonge kuliko awali. Wa mjini waliohamia chakula cha asili, na wale wa mbege, kwa sehemu kubwa walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili tu za chakula, kwa vijana wasioumwa chochote! Hapo ndipo ninapoona uzito wa kazi hii, hasa ikisomwa pamoja na ile ya mwaka 2021 ya watafiti hao hao, waliowachunguza Watanzania 323 na kukuta dalili za namna hiyo zikiwa juu zaidi kwa wakazi wa mjini.

Sasa turudi kilabuni. Inawezekana kabisa kwamba ndizi na ulezi vikichachuka hutoa vitu vyenye faida kwa utumbo, na sioni sababu ya kulibeza hilo. Lakini mbege ni kileo, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vileo tangu 1988 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, ikiwamo ya koo la chakula. Wanywaji wa utafiti walikuwa wanaume wazima wa afya, kwa siku saba, chini ya uangalizi. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja, wala mgonjwa anayemeza vidonge vya kisukari, na kilichopimwa ni viashiria vya mwilini, si kupona ugonjwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba mjadala wa mbege umekimeza kile cha maana. Mgonjwa anayetoka vijijini Kibosho au Uru bado hushauriwa kliniki anunue shayiri ya pakiti na mkate wa brauni, ilhali kihambani kwake, yaani kwenye shamba la nyumbani, kuna mboga ya mnafu, maharage na magimbi ambayo hakuna aliyemwambia ale kiasi gani. (Nasi Wachagga tusijifiche nyuma ya neno asili: nyama choma ya kila jioni si mlo uliopimwa pale.)

Ningeomba gazeti lako liwatafute watafiti hawa, liwaombe waandike kwa Kiswahili chepesi vyakula vilivyotumika, vipimo vyake na namna vilivyopikwa, kisha maafisa lishe wa wilaya wavigeuze kuwa ushauri wa kliniki kwa kuzingatia dawa anazotumia kila mgonjwa. Kurasa mbili zingetosha, na ningefurahi zaidi kama zingetaja pia kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage.

Msomaji wako,
Afisa lishe mstaafu,
Majengo, Moshi