Risala ya klabu ya habari kwa mgeni rasmi, siku ya uhuru wa vyombo vya habari

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa shule, walimu, mwalimu mlezi wa klabu, wazazi mliokuja na jua hili la Temeke, wanafunzi wenzangu mliokaa na nyie mliosimama kule nyuma, asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, na wale wa Simba na Yanga nao tunawasalimia ila leo sio siku yenu.

Kwanza kabisa mheshimiwa tunashukuru umekuja, maana tunajua asubuhi ndo muda wa kikao cha wahariri na foleni ya Mandela Road haina huruma na mtu, tena wewe umesoma hapahapa kwetu kwa iyo hatukuiti mgeni sana, ila itifaki inatulazimisha.

Klabu yetu ilianza na gazeti la ukutani. Manila, makapeni, picha zimekatwa kwenye magazeti ya zamani, linabandikwa pembeni ya kantini na wanaosoma ni wale walio kwenye foleni ya chapati. Simu haziruhusiwi shuleni kama unavokumbuka, alafu sisi ndo tunaoambiwa kila siku kwamba habari zote zimehamia kwenye simu, sasa hapo unafanyaje? Tulichofanya ni kumuomba mwalimu mlezi atufungulie chaneli ya WhatsApp kwenye simu yake, sisi tunaandika kwenye daftari, yeye anapitia, anarusha, na wazazi wanapokea nyumbani. Bando analipa yeye. Mwalimu tunajua unatusikia, Mungu akuzidishie.

Habari iliyotufundisha kazi ni ya daladala. Kila mtu hapa anajua nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 na anajua konda akiona sketi ya shule kituoni anavogeuza uso. Tukaandika, tukabandika ukutani, wenzetu wakasoma wakacheka wakaenda darasani, yani ikaishia hapo. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu akasema hii kitu tuisome kwa sauti, tukarekodi vois noti fupi kwenye simu ya mwalimu, jioni ilikuwa kwenye magrupu ya wazazi, imefowadiwa mpaka mwenyekiti wa mtaa akaja shuleni kuuliza ni kituo gani hicho. Maneno yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba mama anayekaanga samaki hana mkono wa kushika simu asome aya kumi, ila sikio analo.

Na kitu kingine mheshimiwa, kabla ya kurusha mwalimu alitukatalia, akasema hamjamuuliza konda. Tulikasirika kidogo. Tukaenda kumuuliza, konda mmoja akatuambia jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa bosi, gari ikijaa wanafunzi hesabu haitimii, na bosi hataki kusikia habari za elimu. Bila huyo konda ile habari ingekuwa malalamiko tu, na malalamiko mtandaoni yapo ya kutosha.

Sasa tukawa na hamu ya kujua vyombo vikubwa huko nje vilijaribuje kuwafikia watu kwenye simu, mwalimu akatupa kazi ya kusoma, na mengi tuliyokuta yanatisha. Mwaka 2015 na 2016 vyombo vya habari vya Marekani viliambiwa video ndo kila kitu, kuna walioachisha waandishi wakaajiri watu wa video, alafu Septemba 2016 Facebook wenyewe wakakiri kwamba wastani wa muda ambao watu wanaangalia video walikuwa wameuonyesha mkubwa kuliko ukweli, na ilikuwa hivo kwa kama miaka miwili. Januari 2018 wakatangaza tena kwamba sasa wanatanguliza posti za ndugu na marafiki, habari zikashuka chini, na waliokuwa wanategemea wasomaji watoke huko wakabaki wanashangaa. BuzzFeed News, chombo cha habari cha mtandaoni cha Marekani, walishinda Pulitzer 2021, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule, kazi nzuri kabisa, Aprili 2023 ikatangazwa wanafungwa. Kanada ikapitisha sheria kwamba mitandao ilipe vyombo vya habari, Meta, wenye Facebook na Instagram, wakajibu Agosti 2023 kwa kuzifungia habari zote zisionekane kwenye mitandao hiyo nchini humo.

Sisi watoto wa Dar hili tunalielewa haraka sana kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye nyumba za kupanga. Unapaka rangi, unaweka pazia, unaalika wageni, alafu mwenye nyumba anaamka asubuhi anasema anataka kodi ya miezi sita au chumba anampa mwanae. Huna pa kulalamika maana kiwanja sio chako. Ukiwa na wafuasi milioni Instagram hao ni wapangaji wa mwenye nyumba hivohivo, na wewe mpangaji mwenzao.

Kwa iyo msitusikie vibaya, hatusemi vyombo vya habari viondoke mitandaoni, vitaenda wapi? Watu wako huko. Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti la Daily News, mwaka 2005 akiwa Helsinki akafungua blogu, na Watanzania walio nje wakawa wanaifungua kuangalia nyumbani kukoje. Millard Ayo alitoka redioni akajenga jina mtandaoni mpaka sa hivi kuna watu wanamjua kwa AyoTV na hawajui kama aliwahi kuwa mtangazaji wa redio. Global Publishers tuliokuwa tunaona Uwazi na Risasi zao zimening'inia kwenye meza za magazeti, leo mtoto wa kidato cha kwanza anawajua kwa Global TV Online. Hayo yote yalikuwa majaribio, na wakati yanaanza nadhani kuna wazee walisema huo ni mchezo wa watoto.

Ila jaribio lililotukosha zaidi sio la video wala la kuchekesha. BBC Oktoba 2014 wakati wa Ebola Afrika Magharibi walianzisha huduma ya WhatsApp, wakawa wanatuma maelezo ya afya kwa sauti, maandishi na picha, kwa Kiingereza na Kifaransa. Na Aprili 2020, korona imebana kila mahali, waandishi wa Afrika Kusini wakaanzisha gazeti linaitwa The Continent, kurasa zimepangwa kabisa kama gazeti, linakuja kwenye WhatsApp, unalisoma unamtumia jirani. Halimsubiri Facebook aamue nani aone. Tukaangaliana, tukasema kumbe manila yetu ikipigwa picha vizuri nayo inaweza kusafiri! Tumeshaanza, mwandiko bado unasumbua.

Mheshimiwa, kuna jambo moja tunataka kulisema mbele yako kwa sababu wewe ni mhariri. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka Kariakoo, klipu zilitufikia kabla hata hatujaamka vizuri, na baadhi yetu wana ndugu wenye maduka mitaa ile. Idadi rasmi ya waliofariki ilikuwa inapanda siku hadi siku kwa sababu uokoaji ulikuwa unaendelea, lakini kwenye magrupu kila mtu alikuwa na namba yake, na sauti za watu wasiojulikana, na kila moja inaanza na "hii ni ya uhakika". Siku ile hatukuhitaji mtu wa kuwahi. Waliowahi walikuwa maelfu. Tulihitaji mtu wa kupiga simu Muhimbili na zimamoto aje atuambie hiki kipo, hiki hakipo, na hiki bado. Tunaona vyombo vyenu vikikimbizana na sisi wenye simu kuposti haraka, na kusema kweli mbio hizo hamtashinda na hatuoni kwa nini mnazikimbia.

Changamoto. Hazikosekani, nitapita harakaharaka. Kompyuta moja, kibodi yake haina herufi A. Sheria nazo zinatuogopesha: sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, sawa, lakini kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu akate leseni, ukijumlisha maombi, leseni na ada ya mwaka inafika milioni 2 na laki 1. Zimebadilishwa baadae, ila kijana wa Mbagala aliyesikia ile namba hajasahau, na majaribio mengi yalifia kichwani kabla ya kuanza.

Maombi yetu mheshimiwa ni haya. Tunaomba laptopu moja iliyochoka huko ofisini, hata kama betri imekufa tutaichomeka. Tunaomba wawili wawili tuje tukae kwenye chumba chenu cha habari wakati wa likizo, tusiandike chochote, tuone tu mnavohakiki klipu kabla ya kuirusha, nani anapigiwa simu, nani anasema hapana. Na tunaomba wewe mwenyewe uwe unasoma chaneli yetu na kutukosoa, hata kwa vois noti, na ukali tunauweza.

Mkuu wa shule, suala la simu tuliliandika humu, mwalimu mlezi akalikata. Tunaheshimu.

Mheshimiwa mgeni rasmi naomba kuwasilisha. Nakala hii ni ya kwako, na kama kuna tarehe tumekosea tuambie mapema kabla mwalimu hajairusha jioni.

Katibu, kwa niaba ya wanaklabu